Soli za ndani kwa maumivu ya ugoko: ngumu kiasi yaishinda laini

Dukani, soli laini ya jeli ndiyo inayomshawishi mnunuzi: ukiibonyeza inabonyea, ukiiachia inarudi. Kwa mkimbiaji anayeumwa ugoko upande wa ndani, kuelekea chini, hiyo ni hela ya kutupa. Inapunguza kishindo kidogo tu, wala haizuii wayo kulalia ndani, na hapo ndipo misuli inayoinua uvungu wa wayo huvutwa kupita kiasi.

Tunayoipa alama ya juu ni ile ngumu kiasi: plastiki kuanzia kisigino hadi katikati ya wayo, sponji juu yake, na kikombe cha kisigino chenye kina. Ishike ncha zote mbili uikunje. Ikijikunja katikati kama kitambaa, irudishe rafuni. Panapopaswa kukunjika ni penye vidole tu. Asiyelalia wayo ndani hana haja nayo.

Kasoro nyingi huanzia kwenye kuiweka. Toa kwanza soli iliyokuja na kiatu. Ukizipanga mbili, kisigino kinapanda, kinachomoka kila hatua, na malengelenge hayakawii. Laza ya zamani juu ya mpya, chora, kisha kata upande wa vidole, kidogo kidogo, maana ikishakatwa imekatwa. Siku ya kwanza itembelee saa moja, ongeza saa moja kila siku, ndipo uikimbilie baada ya wiki hivi. Ikiwa wiki ya pili bado inakuchoma uvunguni, au goti limeanza kuuma, kimo cha uvungu wake hakiendani na wayo wako.

Kunyoosha misuli kwa kuegemea ukuta, goti la nyuma likiwa limenyooka, ni nusu ya kazi. Msuli wa ndani wa shavu la mguu, ule ulioshikamana na mfupa wa ugoko, haunyooki vizuri mpaka ukunje goti hilo bila kuinua kisigino. Sekunde 30, mara 3 kila mguu, kwa namna zote mbili. Ongeza kuinuka kwa vidole, mara 15 kwa seti 3, ukishuka polepole; hili tunaliamini kuliko kunyoosha kwenyewe.

Mbio nazo zipunguzwe hadi nusu, au zisimame kabisa, mpaka ugoko ubonyezeke bila kuuma. Baada ya hapo ongeza kama asilimia 10 kwa wiki.

Maumivu yakijikusanya mahali padogo panapofunikwa na ncha ya kidole, au yakikuamsha usiku, acha kukimbia ukamwone daktari: huenda mfupa una ufa, na eksirei ya wiki za mwanzo mara nyingi haiuonyeshi.