Uzoefu wangu: kadi 130 za silabi kwa watoto wanaoanza kusoma

Seti hii niliinunua katikati ya jiji la Nairobi kwa shilingi 850, na naitumia na watoto wa PP2 (mwaka wa pili wa elimu ya awali) na Gredi ya 1. Ndani ya boksi kuna irabu tano, silabi 90 za konsonanti 18, na silabi 35 za ch, dh, gh, ng', ny, sh na th. Karatasi ni ngumu, na herufi a imechapwa jinsi mtoto anavyoiandika daftarini. Hilo nalipenda sana, kwa sababu a ya vitabu vingi ina kikonyo juu na mtoto hudhani ni herufi nyingine.

Tatizo ni mwongozo wake. Unakuambia uanze na ba be bi bo bu, uendelee hivyo hadi zu. Darasa litaimba vizuri, lakini mwonyeshe mtoto bu peke yake: atanong'ona "ba, be, bi, bo" kwanza ndipo aifikie. Hapo amekariri, hajasoma. Mimi hutoa kadi tisa tu: ma mi mu, la li lu, ka ki ku. Tayari una lima, mali, kula, kila, kalamu. Zichanganye kila kipindi, na usiongeze konsonanti nyingine kabla mtoto hajasoma kula bila kusita.

Kila silabi ipo mara moja, kwa hivyo mama, lala na kuku hayaundiki. Kata nakala za ziada kwa karatasi ngumu ya manila. Ukiwa hapo, tengeneza pia kadi ya m peke yake, maana haimo, na bila hiyo "mtoto" husomwa "mutoto". Mb, nd, nj, mw na kw pia hazimo. Hizo zisubiri hadi silabi nyepesi zikolee.

Watoto wa Nairobi hujifunza kusoma Kiingereza muhula huohuo, basi wengine wakiona i husema "ai", na neno "mimi" likawa "maimai". Kwenye kipindi cha Kiswahili taja sauti tu, usitaje jina la herufi.

Picha 20 za umoja na wingi zinazokuja na kadi hizi ni nzuri, ila zinahitaji mwalimu aliye macho. Mitaani watoto husema "kiti imevunjika", kwa hivyo usiishie kwa kiti na viti. Mtoto aseme sentensi nzima: kiti kimevunjika, viti vimevunjika. Mtengenezaji ameweka kifaru kwenye kundi hilohilo la kiti na viti. Wingi wake ni vifaru, sawa, lakini ni mnyama, hivyo kifaru anakimbia, vifaru wanakimbia. Iondoe picha hiyo pamoja na ya kiboko hadi viti na vikombe vizoeleke. Anayefundisha mtoto mmoja nyumbani anaweza kuzikata kadi hizi mwenyewe. Kwa darasa, seti hii inafaa.