Spana Zilizobaki Sandukuni: Uzoefu Wangu wa Miaka 9 wa Kutengeneza Gari Mwenyewe

Kwa miaka 9 sasa nimekuwa nikilitengeneza gari langu mwenyewe, kuanzia kubadilisha oili na plagi hadi kufungua breki na kuweka shokapu mpya. Katika muda huo nimenunua vifaa vya mkono kwa awamu mbili: awamu ya kwanza nilitazama wingi wa vipande, na ya pili nilitazama jinsi kila kifaa kinavyoishika nati. Ninaandika haya hasa kwa anayejiandaa kununua seti yake ya kwanza, kwa sababu kosa nililolifanya mimi liliniharibia bolti nyingi, nalo lingeweza kuepukwa kwa jaribio la dakika moja kabla ya kulipa.

Seti ya kwanza ilikuwa sanduku la plastiki lililoandikwa kuwa lina vipande 108. Nilipovihesabu kwa makini niligundua kwamba zaidi ya nusu vilikuwa vichwa vidogo vya kuchomeka kwenye mpini wa bisibisi, ambavyo karibu vyote sijawahi kuvigusa. Spana zenyewe zilikuwa chache na saizi zake ziliruka: ilikuwepo ya milimita 11 na ya 13, lakini ya 12 na ya 14 hazikuwepo. Gari langu ni Toyota Corolla, na katika magari mengi ya Kijapani bolti yenye hesi (mikunjo ya kuzungushia) ya unene wa milimita 8 huwa na kichwa cha 12, na ile ya milimita 10 huwa na kichwa cha 14. Magari ya Kijerumani kwa kawaida hutumia 13 kwa ile ya kwanza, na 16 au 17 kwa ile ya pili. Kwa hiyo kabla ya kuuliza chapa ipi ni bora, mnunuzi ajue kwanza gari lake linatumia saizi zipi, kwani kwangu mimi spana za 10, 12, 14, 17 na 19 pamoja na soketi (kikombe cha chuma kinachovishwa juu ya nati) ya 21 ya nati za magurudumu hufanya karibu kazi yote.

Seti hiyo ilinishinda mwezi wa pili, nilipokuwa nikifungua kalipa ya breki ya mbele, yaani sehemu inayobana pedi kwenye diski. Bolti ilikuwa imeshika kutu, nikaweka soketi na kuvuta kwa nguvu, na badala ya bolti kulegea soketi ilizunguka peke yake na kuacha kichwa kimelika kona zote. Soketi ile ilikuwa ya pembe kumi na mbili, na chuma chake kilikuwa laini kiasi kwamba mdomo wake ulikuwa umeanza kupanuka. Soketi ya pembe kumi na mbili ni rahisi kuivisha mahali penye nafasi finyu, lakini hugusa bolti karibu na ncha za kona, pale ambapo chuma ni dhaifu zaidi. Soketi ya pembe sita hubana sehemu pana zaidi ya ubavu wa kichwa, na ndiyo maana bolti yenye kutu siigusi tena kwa kifaa kingine. Soketi nilizonunua baadaye zote ni za pembe sita, za chuma chenye kromu na vanadiamu, na baada ya miaka 6 ya matumizi hakuna hata moja iliyopasuka wala kupanuka.

Jaribio ninalolisifu ni hili: ninapokwenda kununua, hubeba mfukoni bolti mpya yenye kichwa cha 10 na nyingine yenye kichwa cha 14. Huivisha spana au soketi kwenye bolti, kisha huitikisa kushoto na kulia. Kifaa kizuri kinacheza kidogo sana, na kibaya unakisikia kikigonga. Kwa spana ya mdomo wazi hutazama pia kama mataya yake mawili yako sambamba, na kama kromu imepakwa laini bila mapovu, kwa sababu kromu inayobanduka hukata kidole kama wembe. Maneno yaliyochongwa kwenye mpini, hata yakitaja aina ya chuma, siyaamini mpaka bolti yangu ikubaliane nayo.

Kuhusu racheti, yaani mpini wa soketi unaokaza upande mmoja na kurudi bure upande mwingine, nimebadili msimamo. Mwanzoni niliitaka yenye meno mengi, kwa kuwa racheti ya meno 72 husogea kwa nyuzi 5 tu za mzunguko ilhali ya meno 36 huhitaji nyuzi 10, na tofauti hiyo ni kubwa unapofanya kazi nyuma ya injini ambako mkono hauna pa kwenda. Hilo bado ni kweli. Hata hivyo niliivunja racheti nzuri kwa kuitumia kulegeza nati za magurudumu huku nikiwa nimeuongeza mpini wake kwa bomba, na kosa hilo lilikuwa langu. Sasa nina mpini mrefu usio na meno, wa nusu inchi, ambao kazi yake ni moja tu ya kulegeza, na racheti ndogo zaidi, ya inchi 3/8, huingia baada ya bolti kukubali. Wanaotumia mashine ya kufungulia nati wakumbuke kwamba soketi za kromu hazikutengenezwa kwa mapigo yake na zinaweza kupasuka na kurusha vipande. Zinazofaa ni zile nyeusi za chuma chenye kromu na molibdenamu.

Kifaa kidogo kilichonishangaza zaidi ni bisibisi. Skrubu za nyota kwenye vifaa vingi vya Kijapani zilitengenezwa kwa kiwango cha Japani cha JIS, ambacho umbo la msalaba wake halilingani sawasawa na bisibisi ya kawaida ya Phillips. Zikitazamwa kwa jicho zinafanana, lakini bisibisi ya Phillips huinuka na kuteleza ikiwa ndani ya skrubu ya JIS, na msalaba huharibika kwa mzunguko mmoja. Nilizitesa skrubu mbili za diski ya breki ya Honda ya ndugu yangu kwa njia hiyo kabla sijajua sababu. Siku hizi natumia bisibisi za chapa ya Vessel za saizi mbili, na hutafuta kitone kidogo kwenye kichwa cha skrubu, ambacho mara nyingi huonyesha kwamba ni ya JIS.

Kwa nati za paipu za breki ninasisitiza bila kusita: zisifunguliwe kwa spana ya mdomo wazi. Nati hizo ni laini, na kwenye magari ya Kijapani nyingi ni za 10. Ipo spana ya duara iliyokatwa upande mmoja ili paipu ipite, nayo hushika kona nyingi kwa wakati mmoja. Nimeitumia mara nne tu kwa miaka yote hii, na kila mara iliniepusha kununua paipu mpya. Upande wa koleo sina mengi. Koleo moja la chapa ya Knipex, aina ya Cobra, lenye kurekebishika kwa kitufe limechukua nafasi ya matatu niliyokuwa nayo.

Kifaa nilichochelewa mno kukinunua ni spana ya kupimia nguvu ya kukaza. Kabla yake nilikaza kwa kukisia, na siku moja nilikata hesi za plagi kwenye silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini) ya alumini, jambo lililohitaji fundi wa mashine kuzitengeneza upya. Nati za magurudumu za Corolla yangu zinatakiwa kukazwa kwa newton-mita 103, na nilipozipima kwa mara ya kwanza baadhi zilikuwa zimepita kiwango hicho kwa mbali, ilhali moja ilikuwa imelegea. Ninayoitumia ni ile inayotoa mlio wa kidoko ikifika kipimo, na mtengenezaji wake anaahidi kosa lisilozidi asilimia 4. Inadai uangalifu: haitumiki kulegeza, hairudiwi kuvutwa baada ya mlio, na kabla ya kuihifadhi hurudishwa kwenye kipimo chake cha chini kabisa ili springi isichoke. Mapendekezo ya kawaida ni kuipeleka ikakaguliwe kila mwaka au kila baada ya mikazo 5,000. Ya kwangu imekaguliwa mara tatu, na mara ya mwisho ilikuwa imeanza kusoma chini kidogo, ikarekebishwa. Kwa plagi nimenunua nyingine ndogo, kwa kuwa spana kubwa haina usahihi mzuri ikifika mwanzoni mwa kipimo chake, na plagi ziko huko huko chini.