Mashine ya umeme kwa chombo kidogo: anza na betri

Ukikaa pwani ya Mkokotoni, Unguja, na kutaja mashine ya umeme ya kusukuma chombo, swali la kwanza utakaloulizwa ni "ina hospawa ngapi?" Kwa petroli swali hilo lina maana. Kwa umeme litakutia hasara. Petroli ikipungua unamimina dumu jengine. Betri ikiisha katikati ya maji hapana wa kukuuzia. Kwa hivyo orodha hii nimeipanga kwa kutazama betri mwanzo, mashine baadaye.

Hesabu yake nyepesi. Zidisha volti kwa ampea-saa, unapata wati-saa. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 hivi, na mashine inayokula wati 600 itaimaliza kwa saa mbili. Sasa chukua safari ya Forodhani hadi kisiwa cha Changuu, kilomita 5 na kitu. Tuseme mtumbwi wako unakwenda kilomita 6 kwa saa kwa wati 500. Kwenda ni wati-saa 450, kurudi 450, na mimi huongeza 450 nyengine kwa ajili ya upepo na mkondo. Jumla 1,350, na hapo bahari imetulia. Kusi likivuma hesabu hiyo haikutoshi. La kukusaidia ni mwendo: ukiupunguza kwa nusu, chombo kinahitaji kama sehemu moja ya nane tu ya nguvu. Mwenye haraka asinunue umeme.

1. Mashine ya wati 1,000 yenye betri yake. Hii ndiyo chaguo langu kwa dau dogo au boti ya faiba ya mita 4 hadi 5. ePropulsion Spirit 1.0 Plus ina betri ya wati-saa 1,276, na betri hiyo ikikuponyoka mkononi wakati wa kupakua inaelea. Torqeedo Travel 1103 ina wati-saa 915, pungufu, lakini kioo chake kinasoma mwendo kwa setilaiti na kukwambia umebakisha umbali gani. Zote zinasukuma kama petroli ya hospawa 3. Bei ndiyo inayouma: tafuta dola 2,000 na kuendelea, bado usafiri na ushuru. Kabla ya kuagiza pima kimo cha ubao wa tezi. Shafti fupi kwenye tezi refu inaitoa rafadha nje ya maji kila wimbi linapopita chini yako.

2. Mashine ndogo ya volti 12 na betri ya lithiamu-chuma. Kwa mfuko wa wengi wetu hii ndiyo ya kwanza. Mashine za namna hii hupimwa kwa ratili za msukumo, si hospawa. Ya ratili 55 hula ampea 50 ukiifungulia yote, basi betri ya ampea-saa 100 inakupa saa mbili. Betri hiyo ina uzito wa kilo 11 hivi, utaibeba kwa mkono mmoja mpaka nyumbani, na usiku umeme ukikatika inawasha taa. Chagua mashine ya maji ya chumvi. Kwa kampuni ya Minn Kota hiyo ni Riptide. Endura ni ya maji baridi, ingawa rahisi wake unavutia. Jambo moja watu hawaambiwi dukani: volti za lithiamu-chuma hazishuki taratibu. Zinasimama kwenye 13 karibu safari nzima, halafu saketi ya ulinzi inakata ghafla, kimya. Nunua na kifaa kinachohesabu ampea zinazotoka. Kipima volti peke yake kitakudanganya.

3. Wati 3,000 kwa volti 48. Hii ni ya hoteli na watembeza wageni wenye sola juu ya paa. Betri ya wati-saa 5,000 inakwenda saa moja na nusu kwa nguvu zote. Asikwambie mtu kwamba inachukua nafasi ya petroli ya hospawa 15. Hiyo ni wati 11,000, na betri za kuiendesha saa moja tu zinakaribia kilo 100.

4. Mashine yoyote na betri za maji, yaani za risasi na asidi. Mwisho kabisa, na nasema kwa niliyoyaona. Nilianza na betri mbili za sola zilizokwishatumika, nikatoka Fumba alasiri maji yakitoka. Kurudi, mashine ikabadilisha sauti, rafadha ikawa inazunguka kama panga boi siku umeme ni mdogo. Nikamaliza kwa pondo, tumbo la chombo likigusa mchanga. Betri ya namna hii usiishushe chini ya nusu, kwa hivyo ampea-saa 100 ulizolipia ni 50, na ukiivuta kwa nguvu zinapungua tena. Uzito wake kilo 27 au zaidi. Betri ya gari ni mbaya kuliko hiyo, imetengenezwa kuwasha injini tu.

Kuchaji si gharama. Betri ya nafasi ya pili inataka kama yuniti moja na nusu za Tukuza (umeme wa kulipia kabla), au paneli ya wati 200 ikipigwa jua siku mbili bila pupa. Tumia chaja ya lithiamu inayoishia volti 14.6. Ile ya zamani ya betri za maji iache. Kwa ampea 50 waya uwe wa milimita za mraba 16, na fyuzi ikae karibu na betri, si karibu na mashine.

Ukirudi, inua mashine, imwagie maji ya mfereji, paka grisi kwenye vituo vya betri. Jambiani na Paje kamba za mwani hujisokota kwenye rafadha na kukata pini yake, na miamba ya maji mafupi hufanya vivyo hivyo. Weka pini mbili za akiba na koleo ndani ya chupa iliyofungwa, uifunge kwenye kiti. Na tanga usiliuze.