Picha ya laptopu moja ionekane kwenye laptopu nyingine: ununue nini ukiwa Tanga

Mwalimu wa tuisheni pale Ngamiani ana laptopu mbili, na anataka wanafunzi wa nyuma waone anachoandika kwenye ile ya mbele. Anaingia dukani, anaulizia waya wa HDMI. "Huu unakubali kompyuta zote, mwalimu," anaambiwa. Waya unaingia huku, unaingia na kule, na picha haiji. Waya ni mzima. Shida ni kwamba tundu la HDMI la laptopu, karibu zote zilizoko madukani, ni la kutoa picha tu. Ukiunganisha mbili, zote zinatoa na hakuna inayopokea.

Hicho ndicho boksi haliandiki. Linaandika "kompyuta zote", "4K", "chomeka utumie", ila halisemi picha inaingilia wapi. Kwa hiyo nimepanga orodha hii kwa kuangalia upande wa kupokea, kuanzia chaguo ambalo ningelitolea hela kwanza. Bei ulizia maduka mawili matatu, maana kwa vidude hivi hupishana hata mtaa mmoja.

1. Kapcha ya HDMI

Ni kidude kidogo kama flashi: upande mmoja tundu la HDMI, upande wa pili kichwa cha USB. Laptopu inayotoa unaiunganisha kwa waya wa HDMI, inayopokea unaichomekea USB. Inayopokea huiona picha kama vile imewekewa kamera ya nje, kwa hiyo Windows, Mac na Linux zote huielewa bila kuhangaika na programu ngeni. Haihitaji Wi-Fi wala bando. Ndiyo maana nimeiweka juu: haikuulizi kompyuta yako ni ya kampuni gani wala ya mwaka gani.

Nenda dukani na laptopu zote mbili. Fungua programu ya kamera kwenye ile inayopokea, badilisha kutoka kamera ya ndani kwenda kapcha, na usitoe hela mpaka uone picha ya jirani yake. Sauti ijaribu kwa OBS, programu ya bure, kwa sababu programu ya kamera inaweza kukuonyesha picha bila sauti. Usibabaishwe na "4K": kwa kapcha za bei ya chini maana yake ni kwamba inapokea 4K, lakini inayofika kwenye kioo ni 1080p, ubora wa chini ya 4K, mara nyingi picha 30 kwa sekunde. Plastiki ya bluu ndani ya kichwa cha USB nayo si ushahidi kwamba ni USB 3.0, ile ya kasi zaidi. Kwa somo, hesabu na slaidi inatosha kabisa. Picha huchelewa kidogo, hivyo wacheza gemu waipite. Na filamu za huduma za kulipia zinaweza kuonyesha kioo cheusi, kwa kuwa zina HDCP, yaani kinga ya kuzuia kunakiliwa. Hapo kapcha haijaharibika.

2. Monita ya mtumba

Wengi wanaotafuta namna ya kuunganisha laptopu mbili wanachotaka hasa ni kioo cha pili. Kama ndivyo, achana na laptopu ya pili. Monita imetengenezwa kupokea. Nyingi za mtumba zina VGA peke yake, lile tundu la zamani la picha, na hapo mwelekeo unarudi tena: adapta ya kutoka HDMI kwenda VGA haifanyi kazi ikigeuzwa. Mwambie muuzaji waziwazi kwamba laptopu ina HDMI na monita ina VGA, kisha mwache akuchagulie.

3. Miracast, ambayo huenda unayo tayari

Hii haina cha kununua. Miracast ilitoka mwaka 2012, na husafirisha picha moja kwa moja kati ya vifaa viwili kwa Wi-Fi, bila ruta na bila kula bando. Fungua dirisha la amri (Command Prompt) la Windows, andika netsh wlan show drivers, utafute mstari wa Wireless Display Supported. Ukikuta Yes kwenye laptopu zote mbili, umeokoa hela. Kwenye inayopokea, Windows 10 za kuanzia 2020 na Windows 11 hukutaka uongeze kwanza kipengele cha Wireless Display, nacho hupakuliwa mtandaoni. Kipakue ukiwa nyumbani, usisubiri uko mbele ya watu. Kwenye inayotoa, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na K.

Nimeiweka ya tatu kwa sababu ina deko. Leo inashika, kesho inakatika katikati ya maelezo. Mac haina Miracast kabisa, na baadhi ya simu za Android nazo zimeshaiacha, ingawa Samsung bado wanayo.

4. AirPlay, kwa wenye Mac mbili

AirPlay ni njia ya Apple ya kurusha picha bila waya. Mac kupokea picha ya Mac nyingine kulianza na macOS Monterey, 2021, na si kwa kila mashine: MacBook Pro na Air ni za kuanzia 2018, iMac 2019, Mac mini 2020. Ukiuziwa Mac ya mtumba, soma mwaka wake kwenye "About This Mac" kabla ya kupatana bei.

5. Adapta ya USB-C kwenda HDMI

Hii ni ya kutoa tu, na hata kutoa kwenyewe ni bahati, kwa kuwa si kila tundu la USB-C linabeba picha. Tafuta alama ya radi au ya DisplayPort kando ya tundu. Usipoiona, ijaribu hapo hapo kaunta. Ukiagiza Kariakoo ikaletwa kwa basi, patana kwanza nani atalipia mzigo ukirudi.

6. Seti za HDMI bila waya

Zinavutia: kimoja cha kutuma, kingine cha kupokea, na boksi zuri. Lakini hicho cha kupokea kinatoa HDMI, kwa hiyo kinataka TV au monita. Ukitaka picha hiyo iingie kwenye laptopu, utarudi dukani kununua kapcha ya namba moja.