Prado juu inchi 2: uzoefu wangu wa kufunga seti ya kuinua gari nyumbani

Sikutafuta urefu. Naanza na hilo kwa sababu wengi hununua seti hizi ili gari lionekane limesimama, na mtu wa namna hiyo huenda akaona nasifia kisichomhusu. Prado langu ni toleo la 120, lile lililotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2009, na tatizo lake lilikuwa nyuma. Likibeba watu na mizigo lilikaa chini, taa zikamulika vilele vya miti, na kila tuta raba za kugongea zikapiga chesisi. Springi zilishalegea, shokapu zinavuja. Kwa kuwa vyote vilikuwa vya kutolewa, nikaona badala ya kurudishia vya kiwandani niweke seti ya inchi 2, yaani milimita 50 hivi, yenye springi za kubeba.

Jina la chapa naliacha. Seti za kundi hili zinafanana kuliko matangazo yanavyodai, na mengi nitakayosema yatakufaa hata ukinunua nyingine. Kwenye sanduku kulikuwa na springi 4, shokapu 4 za gesi, bushi (raba za kwenye viungo) na nati zake, na karatasi moja ya maelekezo ambayo nitaizungumzia baadaye, kwa uchungu kidogo.

Kabla ya kuuliza seti inapandisha inchi ngapi, uliza springi zake zimepimwa kwa uzito gani. Springi za urefu uleule huuzwa kwa madaraja: za gari tupu, za gari lenye bampa la chuma na winchi mbele, za gari linalobeba mzigo mkubwa nyuma muda wote. Ukiweka springi nzito kwenye gari jepesi, litapanda kupita inchi ulizoahidiwa na litakurusha barabarani kama mkokoteni. Ukiweka nyepesi kwenye gari la mzigo, baada ya muda utarudi palepale ulipotoka. Mimi nilichagua za kati mbele, kwa kuwa bampa langu ni la kiwandani, na za mzigo nyuma. Uamuzi huo mmoja umechangia zaidi ya nusu ya kuridhika kwangu. Angalia pia kama Prado lako lina springi za koili nyuma au mifuko ya hewa. Baadhi ya matoleo ya juu ya 120 yalitoka na hewa, na seti ya koili haiingii hapo bila kubadilisha mengine.

Kitu kingine ambacho wauzaji hawakisemi kwa sauti: kuinua gari hakuinui kila kitu. Nyuma ya Prado kuna eksili nzima, ule mhimili unaounganisha magurudumu mawili, na difu (giya zinazoyagawia nguvu ya injini) imo ndani yake, inakwenda na magurudumu. Springi ndefu zinanyanyua chesisi na bodi, lakini kitunguu cha difu ya nyuma kinabaki umbali uleule kutoka ardhini. Huo unaongezwa na tairi kubwa tu. Mbele ni tofauti, maana difu imefungwa kwenye chesisi, hivyo inapanda nayo. Unachopata kwa uhakika ni pembe: bampa la mbele halichimbi kwenye mteremko mkali, tumbo halikwami juu ya tuta, na magurudumu yana nafasi ya kucheza kabla hayajagonga.

Sasa kazi yenyewe. Inawezekana nyumbani, kama una sakafu ngumu iliyo tambarare, jeki mbili (moja iwe ya magurudumu), stendi imara za kuweka chini ya chesisi, soketi na spana namba 14, 17 na 19, spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), nyundo nzito, na mtu wa pili. Mtu wa pili si mapambo. Kuna wakati mmoja anashusha jeki na mwingine anatazama mpira wa breki, na huwezi kuwa pande zote mbili. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Usiingize hata mkono chini ya gari lisilokaa juu ya stendi, na magurudumu yanayobaki chini yazuiwe mbele na nyuma.

Siku moja kabla, nilipulizia dawa ya kulegeza kutu kwenye kila nati nitakayoigusa. Halafu nikapima: kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, kona zote nne, gari likiwa tupu. Ukipima kutoka katikati ya gurudumu, upepo wa tairi hauharibu hesabu. Vipimo hivyo ndivyo vitakavyokuambia baadaye kama seti imetimiza ahadi, na kama gari lilikuwa limelala upande mmoja tangu mwanzo. Prado nyingi hulala kidogo, na mwenye gari hagundui hadi aliinue, kisha analaumu springi mpya.

Nilianza nyuma kwa sababu ni rahisi, na urahisi unakupa moyo. Chesisi juu ya stendi, jeki chini ya eksili, unafungua shokapu chini kisha juu. Nati ya juu ndiyo shetani wa kazi nzima: imejificha kati ya chesisi na bodi, unaifikia kwa vidole, na ukizungusha nati, fito ya shokapu nayo inazunguka. Inabidi uishike fito kwa koleo la kubana huku ukigeuza spana robo kwa robo. Shokapu ya zamani huna haja ya kuihurumia, lakini mpya usiibane kwenye sehemu inayong'aa, utaua sili yake. Baada ya hapo, fungua linki za stabilaiza (fito inayozuia gari kulala kwenye kona) na ushushe eksili taratibu. Hapa ndipo mtu wa pili anatazama mpira wa breki na waya wa ABS. Vikianza kukaza, simama, legeza vishikizo vyake, kisha endelea. Springi ya zamani ilitoka kwa mkono. Mpya iliingia kwa kusukumwa kidogo, ncha yake ikikaa kwenye kituo chake kilichochongwa. Raba ya juu ya springi nilirudisha ya zamani, kwa kuwa ilikuwa bado nzima na sandukuni haikuwemo.

Shokapu mpya za gesi huja zimefungwa mkanda zikiwa zimebonyea. Weka ya nyuma mahali pake kwanza, funga juu, ilenge tundu la chini, ndipo ukate mkanda. Inajinyoosha yenyewe polepole. Ukikata mapema utaibonyeza kwa nguvu za kifua chako, na gesi haichoki.

Mbele ni habari nyingine. Kwenye Prado 120 springi na shokapu ni kitu kimoja, springi imevikwa juu ya shokapu na kubanwa na sahani ya juu yenye bolti tatu. Kutoa mkusanyiko mzima garini si shida. Kuutenganisha ndiko kunakoweza kumlemaza mtu. Springi hiyo imebanwa muda wote, na ukifungua nati ya juu bila kuidhibiti inaruka na kila kilicho juu yake. Vibanio vya fito mbili vinavyoazimwa mitaani vinaweza kuteleza, hasa kwa springi nene kama hizi. Sehemu hii sikuifanya nyumbani. Nilipeleka springi na shokapu mpya, pamoja na mikusanyiko ya zamani yenye sahani za juu, kwa fundi mwenye mashine ya kubana iliyofungwa ukutani, akatenganisha ya zamani na kuunganisha mipya nikiwa nimesimama pembeni. Wauzaji wengine hutoa mkusanyiko ulioshaunganishwa. Ukiupata huo, chukua. Ukiunganishiwa, hakikisha bolti tatu za juu zinalingana na jicho la chini kama zilivyokuwa kwenye ule wa zamani. Nilizichora alama kwa chaki kabla ya kuzipeleka. Zikikaa upande kidogo tu, mkusanyiko haukubali kuingia, na hakuna nguvu itakayousaidia.

Kwenye gari: nyanyua pande zote mbili za mbele kwa pamoja ili stabilaiza isivute, toa linki zake, legeza nati tatu za juu bila kuzimaliza, kisha boljointi ya mkono wa juu. Mikono ni vyuma vinavyoshika gurudumu kwenye chesisi, na boljointi ni kiungo kinachounganisha mkono na nakoli, chuma kinachobeba gurudumu. Unatoa pini, unalegeza nati bila kuiondoa, halafu unagonga ubavu wa nakoli, pale boljointi inapopita, kwa nyundo nzito hadi iachie. Uma wa kutenganishia unafanya kazi haraka, lakini unachana mpira wa boljointi. Ikiachia, funga nakoli kwa waya au kamba isianguke nje. Ikining'inia inavuta mpira wa breki, na shafti inayozungusha gurudumu la mbele inaweza kuchomoka kwenye sivijointi ya ndani (kiungo kinachoiruhusu kukunjika ikizunguka). Kisha bolti ya chini, nati tatu za juu, na mkusanyiko unatoka. Mpya ni mrefu kuliko nafasi yake, kwa hiyo mkono wa chini lazima usukumwe chini kwa mtaimbo huku mwenzako akilenga tundu. Ni dakika za kutukanana kidogo, halafu bolti inapita.

Jambo ambalo karatasi ya maelekezo haikulitaja hata kwa neno moja: bolti zote zinazopita kwenye bushi za raba usizikaze gari likiwa hewani. Zifunge zishike tu, shusha gari, lisukume mbele na nyuma, litikise lilale mahali pake, ndipo ukaze kwa toki ya kitabu cha gari. Bushi ikikazwa gurudumu likiwa limening'inia, inabaki imejisokota kila siku ya maisha yake, na haichukui muda kuchanika. Karatasi hiyo ilikuwa na picha ndogo za mishale na onyo kwamba kazi ifanywe na mtaalamu. Kwa seti nzuri kiasi hiki, hiyo ni aibu.

Matokeo kwa kipimo: mbele limepanda zaidi ya nyuma, kama nilivyotarajia, kwa kuwa Prado la kiwandani pua yake iko chini kidogo. Sasa limekaa karibu sawa. Baada ya kutembea kiasi, springi zililala milimita chache, kisha zikatulia. Nilikaza tena kila kitu baada ya kilomita 500, na nati za tairi mapema zaidi ya hapo.

Alaimenti, yaani kupanga mkao wa magurudumu kwa mashine, si hiari. Ukiinua gari lenye mikono ya mbele, magurudumu yanabadilika mkao, na kinachoumia zaidi ni kasta, ule mwinamo wa kuelekea nyuma unaoufanya usukani urudi wenyewe na gari lishike njia. Nilipotoka nyumbani kwenda kwenye mashine, usukani ulikuwa mwepesi kwa namna isiyopendeza, gari likitafuta kingo za barabara. Bolti za kurekebishia kwenye mkono wa chini zilitosha kurudisha kasta ndani ya vipimo, lakini ziliishia karibu na mwisho wake. Ndiyo maana kwa gari hili naona inchi 2 kuwa kikomo cha seti isiyo na mikono mipya ya juu. Ukivuka hapo, boljointi inafanya kazi kwenye pembe isiyo yake, sivijointi zinakunjwa, na mpira wake unaanza kutapika grisi. Taa za mbele nazo zishushwe siku hiyohiyo, la sivyo utapofusha kila anayekuja. Na kama gari lako lina ile vali ya breki yenye fito iliyofungwa kwenye eksili ya nyuma, irekebishwe: gari likinyanyuka vali inadhani halina mzigo, inapunguza breki za nyuma. Bima na wakaguzi wa magari wa nchi yako huenda nao wana la kusema kuhusu gari lililobadilishwa urefu. Uliza kabla ya kununua.

Barabarani, likiwa tupu, nyuma ni gumu. Kwenye vijiwe vidogo vya mfululizo abiria wa nyuma anavihesabu. Likipakiwa linatulia kabisa, raba za kugongea hazijapiga tena, pua haizami kwa breki kama zamani, na taa zinamulika njia badala ya ndege. Kwenye kona za kasi nausikia urefu. Si hatari, ila gari linaegemea kabla halijageuka, na nimepunguza mwendo hapo. Kwenye korongo lililokuwa likikwangua bampa napita sasa bila kusikia kitu.

Kwa anayebeba mzigo mara kwa mara, seti hii naipendekeza bila kusita, mradi aache kibanio cha springi kwa mwenye mashine. Kwa anayeendesha peke yake mjini, shokapu nzuri na springi za kiwandani zitampa raha zaidi. Kwangu kilichobaki ni mikono mipya ya juu. Nitaifunga siku boljointi za sasa zitakapochakaa, na hadi leo kila nikilala chini kukagua nakuta mipira yake mizima na grisi iko ndani.