Kidole changu kilichokuwa kinakwama: wiki 6 za banzi badala ya kisu

Mimi ni mbangua korosho hapa Mtwara mjini, umri wangu miaka 53. Mkono wa kulia ndio unaoshusha mpini wa mashine ya kubangulia, kutwa nzima, punje moja moja. Desemba kidole cha pete kikaanza kualika, yaani kukwama kisha kulia tak, kila nikikunjua ngumi. Hakikuuma, na wajukuu wakawa wananiomba nikialishe tena wacheke. Kufika Februari haukuwa mchezo tena: naamka asubuhi kimejikunja kiganjani kama kulabu, mpaka nikinyanyue kwa mkono wa kushoto, kifyatuke tak! na machozi yanitoke.

Duka la dawa waliniambia ni baridi yabisi, wakanipa diklofenaki. Vidonge vikiisha, maumivu yanarudi. Kisha mama mmoja mkandaji akakivuta kwa mafuta ya nazi, na kesho yake akakivuta tena. Kikavimba shinani, nisiweze hata kusonga ugali. Hapo binti yangu akanipakia kwenye bajaji, hospitali.

Daktari alibonyeza kiganja pale kidole kinapoanzia, nikaruka. Akaniambia nipashike mwenyewe huku nakunja: kuna kitu kama punje ya choroko kinatembea chini ya ngozi. Kano inayokunja kidole, alinieleza, hupita ndani ya vipete vidogo kama kamba ya suruali ndani ya pindo. Kamba ikifanya fundo, inagoma mdomoni mwa pindo. Ukivuta kwa nguvu inapita, lakini fundo linazidi kukaza. Nikamkumbuka mkandaji wangu, nikanyamaza.

Njia zilikuwa tatu: banzi (kipande kigumu cha kukizuia kidole kisijikunje) na mazoezi, sindano ya steroidi (dawa ya kupunguza uvimbe), au upasuaji mdogo wa kukifungua kile kipete. Kwanza akanituma maabara kupima sukari, maana wenye kisukari hupata sana tatizo hili. Nikakutwa salama. Kwa kuwa kidole changu bado kilikuwa kinanyooka kwa kusaidiwa, tukaanza na banzi na mazoezi, kitengo cha fiziotherapia, yaani tiba ya viungo.

“Shikamoo mama, leo tunamfunga huyu mkorofi,” alinipokea kijana wa huko. Alilainisha kipande cha plastiki kwenye maji ya moto, akakifinyanga kulingana na mkono wangu. Banzi lilizuia kifundo cha shinani tu, viwili vya juu vikabaki huru. Mimi nilidhani nimekwenda kufanyishwa mazoezi, kumbe dawa kubwa ilikuwa kukiacha kidole kipumzike.

Wiki 6, usiku na mchana. Sitawadanganya, ni kero. Kwa joto letu hili banzi linatoa jasho na kunuka. Wakati wa udhu nalivua, naosha, nakausha, narudisha. Lakini aibu ilikuwa kwenye kula: msibani nilishika kijiko kulia ugali, mama mdogo akaniuliza nimerudi lini kutoka Ulaya. Korosho niliacha kabisa wiki 3 za mwanzo, na sisi tunalipwa kwa kilo, kwa hiyo hapo ndipo pesa iliponiuma, kuliko hata ile 5,000 ya kila nikienda kwa mtaalamu.

Mazoezi yenyewe ni mepesi, mara tatu kwa siku. Naloweka mkono kwenye maji ya vuguvugu dakika 10, kisha vidole vyote vinanyooka, vinakuwa kulabu, vinakuwa ngumi, vinanyooka tena. Polepole. Kikitaka kualika naachia hapohapo. Ule mpira wa kubinya alioninunulia shoga yangu nilikatazwa, wanaucheza wajukuu.

Wiki ya 2 sikuona tofauti yoyote, nusura niache. Wiki ya 4 niliamka kimenyooka chenyewe. Nikabaki nakitazama kitandani kama mtoto mchanga.

Sasa ni mwezi wa tatu tangu nivue banzi. Asubuhi nyingine kinakuwa kizito kidogo, ila hakifungi. Mpini wa mashine nimeuzungushia mpira wa baiskeli uwe mnene, kijana ndiye aliyenishauri, na kila nusu saa napumzisha mkono.

Hao wa fiziotherapia nawapa alama 4 kati ya 5. Moja nimeikata kwa foleni: mtaalamu ni huyo mmoja, wagonjwa wa kiharusi wanamsubiri, watoto wanamsubiri, na mara mbili nilirudi nyumbani bila kuonwa. Tena si kila kidole kinasikia banzi. Jirani yangu gumba lake lilikuwa limejifunga moja kwa moja, akapasuliwa kwa ganzi ya mkononi tu na kurudi siku hiyohiyo.

Banzi nimelitundika msumarini jikoni. Juzi wifi yangu, naye kidole kinaalika, alikuja kuliazima. Nimemnyima. Limefinyangwa kwa mkono wangu, na sukari yake hajawahi kupima. Jumatatu nampeleka mwenyewe.