Urea kwenye stroberi: majani nyota tano, tunda nyota mbili

Jamani wenye stroberi, naongelea urea ile ya mfuko wa kilo 50 iliyojaa kila duka la pembejeo, chembe nyeupe, naitrojeni 46% basi, fosforasi na potasiamu usitafute humo. Kwenye mahindi sina neno nayo, mchicha ndo usiseme. Ila kwa tunda, mh.

Huku Lushoto tuliweka matuta ya kulinganisha, mengine urea kila mara, mengine samadi iliyooza na NPK kiasi (mbolea ya mchanganyiko wa naitrojeni, fosforasi na potasiamu), maji yale yale. Ya urea yalistawi balaa, majani kama sahani, matunda makubwa yanajaza kontena fasta, ila ukilikata ndani jeupe, ukila ni maji maji tu sukari huioni. Na ule ukungu wa kijivu ulianzia huko huko maana majani yamefungana hewa haipiti.

Yaani iko hivi, mmea ukishiba naitrojeni sukari yake unaipeleka kwenye protini na majani mapya, ya kutengenezea fenoli, zile kemikali za mmea za rangi na kinga, inabaki kidogo, na ule wekundu wa stroberi, anthosianini, ni fenoli pia, halafu majani nayo yanalikinga tunda jua wakati rangi inataka jua. Kwa hiyo likipauka si sura tu imeharibika, zile antioksidanti ambazo watu wanazifuata kwenye stroberi nazo zimepungua. Wa matufaha na zabibu shida hii ya rangi wanaijua siku nyingi, na machungwa yakizidishiwa naitrojeni vitamini C inaelekea kushuka. Sio kila kitu kinashuka lakini, karotenoidi kwa mfano, zile rangi za njano na chungwa, hazina mwenendo mmoja.

Sasa msije mkaiacha kabisa, stroberi ikikosa naitrojeni majani ya chini yanageuka njano na vitunda vinakuwa vya kuchekesha. Mimi naiweka kidogo mapema mmea ukiwa bado unajenga majani, nafukia namwagilia hapo hapo, maana ikikaa juu ya udongo inageuka amonia inapaa na hela yako. Maua yakitoka urea basi, napeleka potasiamu.

Dukani wengi watakwambia ongeza tunda linenepe, na kweli linanenepa, kama unauza kwa kilo sokoni sikulaumu. Wateja wangu ni wa hoteli na juisi, hao wanaonja kwanza ndo watoe hela.